Chupa ya Siki Ndani ya Begi Lako

Mwabungo, jioni ya kuamkia safari yako

Mejumaa mwanangu,

Kama unaisoma barua hii, basi umekwenda kuitafuta ile chupa. Nimeizungushia karatasi hizi, nikazifunga kwa mpira wa nywele zako, nikairudisha palepale ulipoificha, chini ya sweta, ndani ya leso ya kijani. Sikuitoa. Nilitaka kuitoa. Nimekaa kitandani mwako nimeipakata kama mtoto mchanga, halafu nikaona kwamba nikiitoa utanunua nyingine huko chuoni Embu, na hutajua kwa nini mamako aliitoa. Basi salamu zangu zikukute mzima, na usikasirike kwamba nimepekua begi lako. Nilikuwa natafuta nafasi ya mkebe wa mahamri.

Sasa hivi uko kwa bibi yako unaaga. Nimekutuma makusudi, maana nilijua hatakuachia upesi. Atakuombea dua, atasahau alipofika, ataanza upya. Hapo ndipo nilipopata mwanya. Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala za kuvaa soksi mbili kwa ajili ya baridi. Hayo mjomba wako Salimu atakuwa ameshakuhubiria njia nzima mpaka kituo cha basi, na natumaini ulimvumilia, hana mwingine wa kumhubiria. Mimi nina jambo moja. Jambo lenyewe ni siki, na kwa ajili ya hiyo siki itanibidi nikueleze mambo ambayo mama hamwambii mtoto. Ukiona haya, iweke barua kando, unywe maji, kisha urudi.

Unajua wanavyoniita. Mama Siki. Hata watoto wa madrasa wananijua kwa jina hilo. Kuanzia hapa hadi Galu, mwanamke akitaka kupunguza mwili anaelekezwa kwangu: nenda kwa Mama Siki, kamtazame mwenyewe alivyokuwa na alivyo sasa. Nami hutoa ile picha yangu ya zamani, ile ya dera la zambarau kwenye harusi ya shangazi yako, mashavu yamejaa na mikono imenona, nikaishika kando ya uso wangu. Mwanamke hutazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena, akafungua mkoba. Wewe umekua ukiiona picha hiyo na kuisikia hadithi yake. Kijiko kimoja cha siki ya tufaha kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, asubuhi kabla ya kula, na kingine kabla ya kulala. Uliyajua maneno hayo kwa moyo kabla hujamaliza juzuu yako ya kwanza.

Sasa nisikilize. Haikuwa siki.

Wakati ule nilikuwa natandika vyumba hotelini Diani, na wewe ulikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Baba yako alikuwa dereva wa lori. Alipeleka nazi bara, akirudi na mbuzi kutoka Samburu, hii Samburu yetu ya Kinango kwenye barabara kuu ya Nairobi, ambako malori husimama watu wakala. Safari zake zikaanza kurefuka. Kila mara lori lilikuwa limeharibika Samburu, nami nilikuwa nikimwonea huruma yeye na lori lake. Nikimfungia chapati za akiba, asije akalala njaa barabarani. Halafu siku moja ndugu yake akaja, akaketi barazani, akanywa chai yote, ndipo akaniambia kwamba Bakari ameoa. Ameoa Samburu, mke anauza chakula pale malori yanaposimama, mambo yamefanywa kwa sheria, mimi ni mke mkubwa na sina budi kuwa na subira. Nikamuuliza kama anataka chai nyingine. Akasema anataka.

Wewe unajua kwamba baba yako ana mji wake mwingine na kwamba una ndugu zako kule. Lakini pia unajua kwamba mimi sikujali. Nimekwambia hivyo miaka yote, na kila nikikwambia nacheka: mwanamume akaoa, na mimi nikajitunza, nikapunguza mwili, nikapendeza, nani kapata hasara? Wanawake huyapenda sana maneno hayo. Nikiyasema, hununua chupa mbili.

Ukweli ni kwamba chakula kilikataa kushuka. Nilipika, nikakupakulia, nikakulisha, na mimi nikitia tonge la sima mdomoni linazunguka humohumo mpaka nalitema. Nililia hotelini kwenye mabafu ya wageni, kwa sababu la kwetu halikuwa na komeo. Nilikuwa natandika kitanda kikubwa cha watu wawili, nakunja pembe za shuka kama tulivyofundishwa, huku najiuliza kitanda cha Samburu kimetandikwa shuka gani. Nilimpenda baba yako, Mejumaa. Na hilo pia sijawahi kukwambia. Nilimpenda vibaya sana, na mwili wangu ukaisha.

Huko ulipo pengine watu wakikuona umekonda watakusifu. Kwetu sisi, wakati ule hasa, mwanamke akikonda ghafla ana mambo mawili. Ama ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni ule usiotajwa, ama nyumbani kwake hakukaliki. Wakaanza kunitazama. Dukani, kisimani, kwenye maulidi. "Mama Meju, wewe mzima?" wananiuliza, na ile "mzima" wanaivuta mpaka nje. Nikawa napita njia ya nyuma kwenda kazini.

Ikafika harusi ya bintiye Riziki, jirani yetu, huyuhuyu Riziki unayemjua, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tulikuwa uani kwake wanawake watupu, tunamenya viazi vya pilau. Mimi nilikuwa nimejitia kwenye pembe.

"Mwanasha, shoga yangu," Riziki akaniita, na mpaka wanaume waliokuwa wakifunga turubai nje walisikia, "dera hilo ni lako au umeazima? Maana naona limekuvaa wewe, si wewe uliyelivaa."

Wakacheka. Mmoja, sitamtaja kwa kuwa ameshatangulia mbele ya haki, akasema, "Mwacheni mwenzenu, jamani. Ana mgeni Samburu. Wivu huo."

Mwingine akashusha sauti, kule kushusha ili kila mtu asikie: "Au kapime tu, dada. Siku hizi dawa zipo, si aibu tena."

Visu vikawa vinaendelea kumenya, lakini polepole. Nilihisi uso umenipamba moto. Sasa ndani ya mkoba wangu kulikuwa na chupa. Siku chache nyuma, bibi mmoja wa Kizungu alikuwa ameondoka hotelini akaacha chumbani chupa ya siki ya tufaha iliyobaki nusu, yenye picha ya tufaha jekundu na machicha yake chini. Njeri, mwenzangu wa kazi aliyetoka Murang'a, ndiye aliyeniambia niichukue. "Beba hiyo kitu, Mama Meju," alisema. "Hiyo inachoma mafuta ya tumbo, aki. Wao hunywa kijiko asubuhi na maji kabla ya chai, si unaona vile wako?" Mimi nikacheka. Mafuta ya tumbo nilikuwa nayo wapi? Niliibeba ili nimsaidie Riziki kwenye kachumbari ya harusi.

Nikaitoa, nikaisimamisha juu ya kinu katikati yao.

"Wivu wa nini, na nipime nini?" nikasema. "Mimi najipunguza. Hii hapa ninayokunywa. Siki ya tufaha. Mnadhani wanawake wanaokuja hotelini wanakaa vile kwa dua?"

Visu vikasimama. Riziki akajifuta mikono kwenye leso, akaichukua chupa, akaifungua, akanusa, akakunja uso. Akaniuliza, na safari hii kwa adabu, "Na inanywewaje?"

Sikuwa nimeionja hata kwa ncha ya ulimi. "Kijiko kimoja, maji ya vuguvugu, asubuhi kabla ya kula," nikasema, maana hayo nilikuwa nimeyasikia kwa Njeri. Wakawa bado wananitazama, nikaona hayatoshi. "Na kingine kabla ya kulala."

Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile dawa unayoijua kwa moyo. Nusu ni ya Njeri na nusu ni ya woga wangu. Kachumbari ya siku ile ilitiwa ndimu.

Niliporudi nyumbani nikanywa kijiko changu cha kwanza. Umeona? Nilianza kunywa baada ya kusema, si kabla. Ilinichoma koo mpaka machozi yakanitoka, na kwa mara ya kwanza tangu ndugu ya baba yako akae barazani, nikapata sababu ya kutoa machozi ambayo naweza kumwambia mtu. Kesho yake asubuhi Riziki alikuwa mlangoni na kikombe. Keshokutwa alikuja na dada zake. Mwanzoni niliwaambia, kama ni siki, si tunayo siki ya mnazi tangu enzi za mababu, wagema wamejaa tele, kuna haja gani ya kuhangaika? Wakanijibu kwamba hiyo ni ya kachumbari. Walitaka yenye picha ya tufaha. Nikawa naenda Ukunda kuwanunulia, nikawa nawagawia kwa vichupa, na jina likanikaa.

Kisha baba yako akarudi. Akasimama mlangoni na mfuko wake wa nguo, akaniangalia, nami nilikuwa nangoja nimwambie yote niliyoyapanga, na niliyapanga kwa ufundi, wallahi. Akasema, "Eh! Huyu ni Mwanasha au ni mwali wa nani?" Akacheka kile kicheko chake. Yale maneno yangu yote yakapotea. Safari ile alikaa kuliko alivyokuwa akikaa, hata jirani wakashangaa. Mimi nami, mjinga wa kutupwa, nikaiangalia ile chupa juu ya kabati nikaona kweli ina kitu.

Na huzuni, mwanangu, hata ikiwa kubwa vipi, mwisho hupungua. Siku moja nilikuwa nakaanga papa, harufu ikanipanda, nikasikia njaa. Njaa ya kweli, ya kutetemesha mikono. Badala ya kufurahi nikaogopa. Nikaona mashavu yanarudi, baba yako anakwenda zake, na wanawake wananiuliza siki imekwenda wapi. Nikajinyima. Siki haikunipunguza hata kidogo. Kutokula ndiko kulikonipunguza, na siki ilinipa kisingizio. Ukisema huli, watu watakuuliza una nini. Ukisema unakunywa siki, watakuomba chupa. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena nina nini. Hata mimi niliacha kujiuliza.

Baba yako alikuja, akaenda, akaja. Nimekaa nikafikiri sana, na sioni kwamba aliwahi kuja kwa sababu ya kiuno changu wala kuondoka kwa sababu hiyo. Alikuja mizigo ilipomleta. Sasa ana maumivu ya mgongo, na akifika hapa anataka uji wake na redio. Bila shaka ulimwona Samburu kando ya barabara basi lilipopita. Alinipigia simu kwamba angesimama akupungie mkono. Usimchukie kwa haya ninayokwambia. Yeye alioa tu. Hii ngome niliyomo niliijenga mwenyewe, na Riziki na wenzake wakanisaidia kubeba mawe bila kujua.

Maana sasa siwezi kutoka. Unadhani naweza kunenepa, mimi Mama Siki? Kwenye shughuli yoyote nikiketi, macho ya watu huwa kwenye sahani yangu. Nikichukua kijiko cha pili cha wali, Riziki anapaza sauti, "Mama Siki, pilau si yako hiyo, usituharibie dawa!" Wanacheka, nacheka nao, narudisha kijiko. Nikisema leo nimeacha, wataniuliza kwa nini, na nikieleza kwa nini, itabidi nieleze tangu siku ile ya viazi, na wote watajua kwamba walipatia tangu mwanzo. Kwamba ulikuwa wivu. Miaka yote hii nimeona afadhali njaa kuliko kulisikia neno hilo moja kutoka kwa Riziki. Kifua kinaniwaka usiku, nalala nimeegemea mito. Meno yamekufa ganzi, siwezi kuuma hata embe bichi. Na bado asubuhi nikisikia hodi naamka, naweka sura yangu, naitoa picha.

Hayo yangu ningeyabeba mpaka kaburini bila kusumbua mtu. Ninaandika kwa sababu yako wewe.

Unakumbuka siku uliyosimama mbele ya kioo na ile picha mkononi? Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuwa mkubwa. Ukaniita, ukasema, "Mama, mimi nafanana na hii. Nafanana na wewe wa zamani." Ulikuwa umefurahi. Mimi nilikuwa nafunga vichupa, mteja ananingoja nje, nikakujibu bila hata kugeuka, "Usijali, tutakupunguza." Nikamsikia mteja anacheka. Sikukusikia wewe ukicheka. Nimeirudia siku ile mara nyingi. Nafikiri hapo ndipo nilipokufungulia mlango wa ngome yangu nikakuingiza ndani, kwa neno la mzaha.

Halafu Ramadhani iliyopita. Ulikuwa unaanika nguo, jua limeanza kulegea, nikasikia ndoo imeanguka. Nilikukuta chini, midomo myeupe. Salimu akakupeleka zahanati kwa pikipiki, mimi nimekushika kwa nyuma, na ulikuwa mwepesi. Sijawahi kumwambia mtu nilivyotishika na ule wepesi. Yule muuguzi, kijana wa Kinango mwenye sauti ya upole, alikupima, akakutundikia maji, akaniuliza, "Mama, shikamoo. Huyu dada daku alikula nini?"

Nilijua ulichokula. Nilikiona. Kwenye sinia yetu ya daku kulikuwa na glasi mbili za siki, yako na yangu, na wali ulikuwa vilevile nilivyoupakua.

"Alikula wali," nikasema.

"Kwa kawaida anakula vizuri? Maana naona uzito wake..."

"Anakula," nikasema.

Wewe ukaniangalia, ukanishika mkono, ukanibana vidole. Ulidhani ninakufichia siri. Mejumaa, sikuwa nakufichia wewe. Nilikuwa namficha Mama Siki. Yule kijana angejua kwamba mtoto wa Mama Siki ameanguka kwa njaa, na yeye ana shangazi yake Galu anayenunua kwangu. Nilipima aibu yangu na mwili wako pale kwenye kile kitanda cha zahanati, na nikachagua aibu yangu. Nimefanya makosa mengi, mengine hata nikiyakumbuka nacheka. Hilo silicheki. Naomba unisamehe, na hata usiponisamehe ujue kwamba najua nilichofanya.

Siki yenyewe sina ugomvi nayo. Iko vizuri kwenye kachumbari, inakata shombo ya samaki. Pengine kuna mtu imemfaa kwa jambo fulani. Sijui, si daktari mimi, na walionunua kwangu walinunua mashavu yangu yaliyopotea, si elimu. Sikwambii uimwage. Sikwambii hata ule, maana umeambiwa ule tangu unanyonya, na huo si ushauri. Ninachokuomba ni kidogo. Siku utakayojikuta umekaa na wenzako kwenye chumba cha kulia huko chuoni, chakula kiko mbele yako, njaa unayo, na unatafuta maneno ya kukisukuma kando, jiulize kuna nini hasa. Kama ni mtu, mtaje, hata kwa moyo tu. Kama ni neno la mamako la siku ile ya kioo, basi mwenye neno amelirudisha. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema, "naumia", nikanywa siki miaka yote nisije nikalisema.

Huko hakuna anayekuita mtoto wa Mama Siki. Umeliona hilo? Hakuna anayejua ulivyokuwa, hakuna wa kukutazamia sahani. Nakuonea wivu, mwanangu. Haya, nimeliandika neno lenyewe, na mkono haujakatika.

Ndani ya bahasha ndogo nimekutilia ile picha ya dera la zambarau. Ni yako sasa. Sina nyingine, na kwenye simu sinayo, kwa hiyo mwanamke atakayekuja keshokutwa kutaka kuonyeshwa nilivyokuwa, nitakuwa sina cha kumwonyesha. Sijui nitamwambia nini. Usiitazame kama nilivyokufundisha kuitazama. Yule msichana alikuwa amekula pilau sahani mbili, alikuwa anacheka na mpiga picha aliyekanyaga bakuli la mchuzi, na alikuwa hajui Samburu iko upande gani. Ulisema kweli, unafanana naye. Ni mtu niliyempenda, na nimekuwa nikimuuza.

Nasikia mlango wa bibi yako unafunguliwa, anaanza dua za barazani. Sina muda mrefu.

Kesho asubuhi, kabla Salimu hajaja na gari, nitapika mahamri na mbaazi za nazi. Nitatandika mkeka uani na kuweka sahani mbili, yako na yangu. Riziki lazima atakuja kukuaga, na ataketi palepale anapoketi siku zote, usoni pangu. Nataka nile mbele yake. Nataka nile mahamri mpaka nishibe, na akiniuliza, nimwambie nasikia njaa, basi. Nimeandika nataka, sikuandika nitakula, kwa sababu sijui kama nitaweza. Mkono wangu umezoea kusukuma sahani, na Riziki unamjua.

Lakini unaposoma hapa, asubuhi hiyo imeshapita. Mimi ninayeandika sijui kilichotokea, wewe ulikuwepo. Kama nilikula, basi ujue mlango ulifunguka kidogo, na ukiweza upite nawe. Kama uliniona nimeshika glasi yangu nikisema nimeshiba, nikakusogezea sahani yangu huku nacheka, basi umejionea mwenyewe ngome inavyomshika mtu hata siku ya kumuaga mwanawe, na katika hilo, nakuomba, usinifuate.

Hebu kumbuka, Mejumaa. Sahani yangu ilibaki na nini?

Mamako,
Mwanasha